Fundi wa Redio za Magari, Jirani Yetu wa Dilala

Mwezi uliopita nilirudi Kolwezi kumzika shangazi yangu. Gari lililonipeleka Dilala, mtaa wetu wa zamani, lilikuwa na redio, na kila mara dereva alipokanyaga mafuta, wimbo ulifunikwa na mlio mwembamba kama wa mbu. Akaipiga kofi. Nikamwambia, "Usiipige, mwanangu. Tafuta waya ya masi." Akacheka, akataka kujua mama mzima kama mimi nilijifunzia wapi mambo hayo. Nilimwacha acheke. Wewe nitakueleza.

Nilipokuwa mtoto tulikaa katika nyumba za kampuni ya migodi. Asubuhi king'ora kilimwamsha baba, mama akasonga bukari, ugali wetu, na vumbi la mgodi wa Mashamba likatua juu ya kila kitu, hata gauni langu jeupe la komunyo. Nyumba ya pili alikaa fundi. Mchana alishughulikia umeme mgodini. Jioni magari yaliyougua sauti yalimfuata uani kwake. Wazazi wake walitoka Kasai, jimbo jingine, lakini yeye alizaliwa hapo hapo kwetu. Mama yake, bibi mwenye miguu iliyovimba, alituchomea mahindi, mimi na mjukuu wake, mtoto wa fundi, rafiki yangu.

"Usishitaki redio mbele ya kuuliza waya," fundi alituambia. Alichukua bafle, yaani spika, akagusisha nyaya zake kwenye betri ndogo ya tochi. Ikisema "tok", ingali hai. Sauti ikikatika penye mashimo, kuna waya uliolegea. Mlio ukipanda pamoja na mngurumo wa moteri, angalia masi, waya ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Mara nyingi ni kutu tu. Nilipenda harufu ya risasi aliyoyeyusha kuunganisha nyaya ikichanganyika na ya mahindi.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mashine zikasimama, na watu wakaambiwa kwamba adui ni jirani mwenye asili ya Kasai. Vijana walipita barabarani wakiimba, "Barudie kwabo!", yaani warudi kwao. Shuleni, rafiki yangu akaacha kuja.

Jumamosi moja fundi alikuja kumalizia gari letu, lililokuwa na mlio wa namna ile ile. Baba alimwomba aache, watu wasimwone. "Kazi ya mutu haiachwe katikati," akajibu. Alikwangua kutu, akakaza waya, akawasha moteri, akaniketisha ndani mimi, mtoto aliyezoea kumwita mama. "Mama, masikio yako iko mupya. Unasikia nini?" Nilisikia kwaya peke yake, safi kabisa. Nikapiga makofi.

Alijifuta mikono, akamgeukia baba.

"Tata, kesho tunaenda kwa treni. Mama yangu hawezi tena kutembea. Utamupeleka stesheni, ye mwenyewe tu?"

Baba akatazama vijana waliosimama njia panda.

"Essence imeisha," akasema.

Essence ni petroli, na moteri ilikuwa bado inanguruma. Fundi aliinama ndani, akaizima mwenyewe, akampa baba ufunguo kwa mikono miwili. "Haina mambo, tata."

Alfajiri walipita mbele ya dirisha letu. Fundi alimbeba mama yake mgongoni; rafiki yangu alibeba sufuria kichwani, hakugeuka. Walilala stesheni majuma mengi, na maelfu wengine, wakingoja treni. Siku moja mama yangu alifunga bukari katika kitambaa ili awapelekee, akakaa nayo mapajani mpaka ikapoa. Hakutoka. Treni iliondoka, na sikujua kamwe kama bibi yule alifika.

Mara nyingi nazitamani jioni zile, vicheko vya uani, majirani waliokopeshana chumvi bila kuulizana wametoka wapi. Zimekwisha, na sisi tulisaidia kuzimaliza.

Baada ya mazishi nilisimama mbele ya nyumba ya fundi. Mama kijana alikuwa akiogesha watoto mlangoni. Akaniuliza namtafuta nani. Nikamweleza juu ya watu waliokaa pale zamani.

"Balikuwa bandugu yako?" akauliza.

Nilitaka sana kusema ndiyo.