Aliyekimbia kwa Miguu Yangu

Usiniambie nilikuwa na usingizi. Nilikuwa nimeshaswali alfajiri, nimeshafunga kamba za viatu, na kikombe kizima cha chai ya tangawizi kimo tumboni. Haya yamenipata mimi mwenyewe, macho makavu, kwenye barabara ya Mbweni, hapa Unguja. Ukitaka kucheka, cheka. Wenzako wameshacheka.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mama wa watoto wawili, na nilikuwa mkimbiaji. Nilianza pamoja na shoga yangu Raya, mshonaji wa mapazia. Tulikuwa tukikimbia na mitandio yetu kichwani, mapema, kabla wanaume hawajakaa barazani kutuhesabia hatua. Mwaka wa pili tukajiandikisha mbio ndefu za Dar es Salaam, kilomita arobaini na mbili. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuzimaliza mbio zile.

Raya alikuwa akifika kilomita ya ishirini, basi, anakaa chini. Mimi nilikuwa nafika thelathini na tano na pumzi ya kusema bado ninayo. Utotoni nilianguka kwenye mpera nikavunjika kiwiko, kwa hiyo nikikimbia mkono wangu wa kushoto hutupika nje. Raya alikuwa akinitania, "Mkono huo, shoga, unafukuza kuku!" Tulicheka sana. Kama alikuwa na kijicho, mimi sikukiona.

Wiki tatu kabla ya safari ya Dar, siku ya Alkhamisi, Raya akaniaga kwamba anakwenda kisiwani Tumbatu kumwangalia mama yake, atarudi Jumamosi. Ijumaa nikatoka nikijua nitakimbia peke yangu. Nani nimkute mlangoni? Raya, na nguo zake za mazoezi.

"Hukwenda?" nikamwuliza.

"Nshakwenda, nsharudi."

Boti gani hiyo, ya usiku huo? Sikujiuliza. Nilifurahi tu kupata mwenzangu.

Watu husema majini hukimbia adhana. Nakwambia adhana ilikuwa imeshaadhiniwa, kunapambazuka, na huyu yupo ubavuni mwangu. Nilisikia viatu vyangu tu kwenye kokoto, vyake havikulia. Nikadhani amenunua vipya. Nikampa chupa ya maji, akaishika njia nzima bila ya kuifungua. Tulipofika karibu na magofu ya Mbweni akasimama, akanishika mikono yote miwili.

"Tunakwenda safari, shoga," akasema. "Nlokukosea nisamehe. Na nlichotwaa chako, nihalalishie."

Desturi zetu unazijua. Mtu akitaka kusafiri huomba radhi, na aliyeombwa hahoji. Nani amwulize mwenzake, umetwaa nini? Labda sahani aliyosahau kuirudisha, labda kanisengenya siku moja. Kuuliza ni utovu wa adabu. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kama nilivyofunzwa:

"Halali yako, shoga. Dunia na akhera."

Akanikumbatia, akatangulia mbio. Alipokuwa akikata kona nikauona mkono wake wa kushoto ukitupika nje. Niamini. Nilipoifikia ile kona, barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho, na chupa yangu imesimamishwa katikati ya njia, imejaa. Nikataka kukimbia, magoti yakakataa. Nilirudi nyumbani mwendo wa bibi kizee.

Jumamosi Raya akaja na samaki wakavu wa Tumbatu. Nikamwambia, mbona jana uliniacha njiani?

"Jana? Mie nlikuwa kwa mama. Mpigie umuulize."

Nikampigia mama yake pale pale. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniambia Raya kalala kwake siku zote mbili na Ijumaa alfajiri alikuwa jikoni akipika uji. Raya akawa anafunua vile visamaki. "Uchovu huo," akaniambia. "Pumzika."

Tangu Ijumaa ile miguu ikawa haikubali mbio, na hospitali hawakuona kitu. Dar nikaenda hivyo hivyo, kwa ubishi, na kilomita ya tatu nikakaa ukingoni mwa barabara. Raya akamaliza. Yule wa kilomita ishirini akamaliza zote! Niliporudi Unguja nikatumiwa video ya Raya akimalizia mbio. Mama yangu, ambaye macho yake si mazima, akaisogeza simu karibu, akapiga kigelegele.

"Mwanangu huyo! Nnamjua kwa mkono wake!"

Sikumsahihisha. Nilikwenda chooni nikalia.

Kesho yake nikamwendea Raya, yuko kwenye cherehani lake. Nikamwuliza, "Umenifanya nini, Raya?" Hakuapa wala hakukana. Aliweka mkasi chini, akanitazama kwa upole kabisa.

"Lakini shoga, si ulihalalisha mwenyewe?"

Ile halali niliyoitamka kule Mbweni nilikuwa bado sijamsimulia mtu. Hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Nani alimfikishia?

Kile kilichokuja mlangoni kwangu sikilaumu, hakinijui, kimetumwa. Raya ananijua. Nilipolazwa kwa uzazi wa pili ndiye aliyemwogesha na kumlisha mwanangu mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwafundisha watoto darasani, kumbe mwalimu mwenyewe hajaelewa. Nimeumia, na bado naumia.

Sasa ni mwaka wa pili. Ngazi za skuli nazipanda kwa kushika ukuta. Tukikutana harusini Raya huwa wa kwanza kunipa mkono, na watu wananiambia nina roho ngumu, nimsamehe. Wiki iliyopita kaniandikia ujumbe: anakwenda ng'ambo, kwenye mbio za mji mkubwa zaidi, na anaomba radhi kabla ya safari. Sijui kabakisha nini kwangu cha kutwaa. Sijamjibu.

Na wewe unayenisikiliza, akikujia mtu, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, akakwambia nihalalishie, mwulize kwanza, nini? Akitaje kwa jina lake. Bora akuone huna adabu. Mimi adabu zangu zimenikalisha kitako.