Mwalimu Ritha na Mwanafunzi Wake wa Jana

Mjukuu wangu Ritha anafundisha watu kurusha ndege hapa Shinyanga. Hana mshahara wa mwezi, analipwa saa anazokaa angani na mwanafunzi tu. Jana mwanafunzi wake, tajiri wa dhahabu wa Mwakitolyo, hakutokea, na kodi ya chumba inamsubiri. Machozi yakamlengalenga.

Nikamwambia, "Pamba nimeshauza, pesa ya somo ninayo. Mwanafunzi leo ni mimi."

"Bibi, wewe?"

"Shikamoo, mwalimu!"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Marahaba, mwanafunzi. Funga mkanda."

Tukapaa! Ng'ombe wa Kishapu wakawa kama punje za mtama. Akaniachia usukani kidogo, nikapiga vigelegele mpaka mwongoza ndege akauliza redioni kuna harusi gani huko juu.

Tulipotua nikauliza, "Kesho saa ngapi, mwalimu?"