Herufi za Kaburi la Mdogo Wangu

Kosa ni langu. Simsingizii shetani wala ujana, maana nilipolitenda nilikuwa tayari na wajukuu.

Mimi ni mchapaji hapa Shinyanga mjini. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kiwanda cha uchapaji, tukipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono. Aina moja niliipenda kuliko zote: herufi zenye visigino, kana kwamba kila moja imevaa viatu, nene hapa, nyembamba pale, g yake ikining'inia kama hereni. Herufi za vitabu vya zamani. Hata uongo ukiandikwa kwa herufi hizo unavaa suti!

Siku hizi zimo kwenye kompyuta. Nimezitumia kwa kadi za harusi na vyeti vya ubatizo. Mdogo wangu alipofariki kule Geita, nilizikata kwenye bati nikapiga jina lake juu ya saruji ya kaburi, nyuma ya nyumba yake. Mjane wake, Mama Kija, hajui kusoma. Alipitisha kidole kwenye kila herufi, akasema, "Shemeji, zimesimama kama watu."

Mwaka jana akaja dukani kwangu mwenye duara, yaani shimo la wachimba dhahabu. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Mama Kija anamwachia eneo lote.

"Mama amekataa," akacheka. "Eti karatasi yangu imekaa kama ya kuagizia nyanya! Mzee, fundi ni wewe. Ivalishe."

Nikaisoma. Nikaielewa. Nikaivalisha.

Hakunipa hata senti. Alinisifu tu: "Mkoa mzima hakuna mkono kama huu!" Jamani! Mzee mzima nikauza nyumba ya marehemu kwa sifa!

Tukaenda naye Geita. Mama Kija akapiga goti.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

Akaishika karatasi, akapitisha kidole kama siku ile. "Humu mmeandika nini?"

"Ruhusa ya kupima udongo tu," nikajibu.

"Basi. Hizi ni herufi za Baba Kija. Haziwezi kunidanganya." Akachovya dole gumba kwenye wino. Mimi nikatia saini ya shahidi.

Wakachimba. Nyumba ikaenda, kaburi likaenda. Mifupa sijui ilimwagwa na kifusi kipi. Bamba la saruji nililikuta limevunjika, wachimbaji wanalikanyaga wakinawa miguu. Nusu ya jina la ndugu yangu ilisomeka vizuri kabisa!

Nikaenda kukiri kwa mtendaji wa kijiji. Akaitoa ile karatasi kwenye faili lake, akaigeuza. "Mzee, mbona imekamilika? Imechapwa safi, dole gumba lipo, shahidi ni wewe mwenyewe."

Mama Kija sasa amehifadhiwa na dada yake huko Didia. Nilimfuata, nikamweleza yote. Hakulia wala hakunitukana.

"Lakini wewe ulikuwa unajua kusoma, shemeji," akasema. Kisha akaingia ndani.

Sijarudi tena. Nirudi kusema nini?

Ninyi mnaochapia watu, mkiletewa karatasi ya mtu asiyesoma, kaeni naye chini mumsomee neno kwa neno kabla hamjaipendezesha. Mimi herufi zile nimezifuta kwenye kompyuta. Haijasaidia kitu. Duara bado liko wazi, na kila wiki linaongezeka kina.