Mtabiri wa Bei Sasa Anafuta Pedi za Mwenzake

Saa mbili asubuhi, kabla chumba cha gemu hakijafunguliwa, Mama Utabiri ameshapiga magoti mbele ya televisheni tano, kitambaa mkononi, anafuta jasho la jana kwenye pedi za kuchezea. Mashine ya tatu ina mkwaruzo ubavuni. Aliuweka yeye mwenyewe, siku alipoiangusha akihama.

Mashine zote tano zilikuwa zake. Leo yeye ni kibarua wa aliyezinunua, jamaa mpole ambaye mtaa mzima unamwita Kipara, ingawa nywele anazo za kumtosha.

"Kila asubuhi nazisalimia," anasema, akijichekesha. "Haziitikii. Zimeninunia."

Jina la Mama Utabiri hakujipa. Kwa miaka kumi na mitano amekuwa akichezesha gemu, na mara mbili toleo jipya la mashine lilipokaribia kutoka, alitaja bei yake miezi kadhaa kabla, akapatia. Uchawi hapakuwa nao. Aliangalia toleo lililotangulia lilianza na bei gani, dola imesimama wapi, na wauzaji wanavyopunguza bei za mashine za zamani. Wenye vyumba vya gemu wakawa hawauzi wala hawanunui bila kumpitia.

Mwaka jana akatamka tena: milioni moja na laki mbili, haizidi hapo. Siku itakapotangazwa, alisema, za zamani zitashuka nusu kama zilivyoshuka siku zote. Mwenye akili zake auze mapema.

Akauza zake tano, kila moja laki tatu. Kisha akampigia simu mdogo wake, mama wa watoto watatu, aliyekuwa na mashine mbili sebuleni. Hizo ndizo zilizokuwa zikiwalisha.

"Alisita. Akaniambia, 'Dada, mimi sina kitu kingine.' Nikamwambia, 'Lini nimewahi kukupoteza?' Akauza siku hiyohiyo."

Anaendelea kufuta pedi ambayo imeshang'aa.

Na alionywa, tena na mtu anayeijua kazi. Fundi wake wa mashine alimlalamikia kwamba chipu za memori zimepanda maradufu, na toleo jipya litazihitaji nyingi. Mama Utabiri akamcheka, akamwambia anatafuta kisingizio cha kumpandishia bei ya matengenezo. Fundi wa watu akaenda zake.

Bei ikatangazwa: milioni mbili na nusu. Lo! Watu wakaikimbia mpya, wakarudi kugombania za zamani. Mashine za laki tatu zikafika laki sita. Ile milioni moja na nusu ya Mama Utabiri haikutosha kununua mpya hata moja, na tayari kodi na chakula vilikuwa vimeshaanza kuimega. Chumba chake sasa kinauza mapazia.

Kipara hajifichi. "Nilimuuliza mara mbili, 'Dada, una hakika?' Akaniambia nitakuja kulia. Nimempa kazi kwa sababu anaijua, simhurumii." Humlipa elfu saba kwa siku.

Wateja bado wanamtania: Mama, toleo lijalo litakuja na bei gani? "Kamuulizeni fundi," huwajibu, na wao hucheka. Utani huo anaumudu. Asichokimudu ni mdogo wake, ambaye siku hizi anafua nguo za watu nyumba kwa nyumba na hapokei simu yake.

Walikutana njiani mara moja. Mikono ya mdogo mtu ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Akaniambia, 'Shikamoo, dada,' kwa heshima zote, akapita. Bora angenitukana. Ningejua pa kuanzia."

Kila jioni Mama Utabiri humwachia Kipara elfu mbili katika ujira wake. Wamekubaliana kwamba zikitimia laki sita, atachukua mashine moja, hata bei ikiwa imepanda tena. Kwa mwendo huo ni siku mia tatu za kazi. Amekwisha kuzimaliza arobaini na moja.

"Si yangu hiyo," anasema. "Nikiikamilisha nampelekea mdogo wangu."

Na asipofungua mlango?

"Nitakaa nayo hapohapo nje," anajibu. "Atatoka tu. Ana nguo za watu za kufua."