Kigoda cha Mama Yasmini

Tangu tarehe 9 Januari 2023, daftari la matukio la wodi ya wanawake, katika kituo kimoja cha afya ya akili jijini Mbeya, halina mgonjwa hata mmoja aliyefungwa kitandani kwenye zamu ya Mwanakhamisi Halfani. Mwenye ruhusa anaweza kulifungua akahakikisha.

Mwanakhamisi, ambaye wodi nzima humwita Mama Yasmini, ni muuguzi wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye sauti ambayo wenzake hudai haijawahi kuvuka mlango. Familia yake ilitoka pwani, ikafungua duka la kanga Mwanjelwa, humu humu Mbeya. Duka bado lipo. Yeye ndiye aliyekataa kulirithi. Wodini hutembea na kigoda cha mbao. Mgonjwa akichafukwa, wengine husimama, yeye hukaa. Hukaa kwa upande, mbali na mlango, ili mwenye hasira asijione amezibiwa njia, na mikono huiweka magotini ionekane. Anayesema awe mmoja tu. Kinachobaki ni kusubiri, na kusubiri, kwake, ni kazi kama kupima joto.

Jumatano wiki hii aliingia kazini na furaha. Sekela, mama wa mtoto wa miezi minane, alikuwa anakaribia kuruhusiwa. Aliletwa wiki sita zilizopita akiwa hajalala siku nne. Sasa alikuwa akisuka nywele za wodi nzima. Daktari alikuwa ametoa sharti moja: asubuhi ikipita bila fujo, saa saba anatia saini. Ikitokea fujo, wiki mbili zaidi. Mtoto alikuwa Igawa, akinyweshwa maziwa ya kopo na wifi yake Sekela, Esta. Mume alikuwa machimboni Makongolosi, na kwa kuwa hakupata ruhusa, alimtuma baba yake, Mzee Silvester, aje badala yake.

Mzee alifika saa nne, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama nje karibu na bomba. Hakusogea. Mwanakhamisi aliona haya. Kwao mgeni haachwi nje, tena kwenye baridi ya Julai.

"Baba, karibu ndani."

"Hapa panatosha, sista."

"Panatosha wapi? Ingia umwone mwanao alivyopona."

Akamshika mkono, akamwingiza, akamvutia kiti mpaka kando ya kitanda cha Sekela, ambaye alikuwa amekwenda kuchukua uji. Sekela akarudi, akamwona. Alipiga yowe. Bakuli likaruka. Akajibanza nyuma ya kabati, akajifunika shuka kuanzia kichwani hadi miguuni, na mkono pekee uliobaki nje ulikuwa umeshika fagio.

Vitus, mhudumu kutoka Kilolo, mwenye mabega ya kubeba magunia, alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Mama Yasmini, tumshike?"

"Umshike umfanye nini?"

"Ana fagio!"

"Na wewe una kilo tisini. Nenda dirishani, Vitus, utazame milima."

Vitus akaenda, akinung'unika. Mwanakhamisi akakalia kigoda chake.

"Sekela, mwanangu, niko huku chini. Sikugusi."

Fagio likapiga kabati.

"Sawa. Limepiga kabati, halijapiga mtu."

Uji ukaendelea kutiririka sakafuni na hakuna aliyeufuta. Kisha sauti ikatoka ndani ya shuka: "Atoke! Nitapita wapi mimi? Atoke!"

"Nani, mwanangu?"

Fagio likaelekezwa upande wa kiti. Mwanakhamisi akageuka. Kiti kilikuwa kitupu; Mzee Silvester alikuwa amesimama pembeni, uso ameuelekeza ukutani.

Hapo ndipo alipokumbuka duka la baba yake. Wanyakyusa waliotoka Rungwe walikuwa wateja wakubwa, na kwa mila yao mkamwana haonani na baba mkwe; akimwona anaingia, aliacha kanga mezani akatoka mbio. Baba yake aliwatobolea mlango wa nyuma kwa ajili hiyo. Mjini wengi siku hizi wamelegeza mwiko huo. Sekela, Mnyakyusa aliyelelewa na bibi yake, hakulegeza.

"Nimekosa mimi," Mwanakhamisi alisema. "Nimekuletea mkwe mpaka kitandani."

"Sista," shuka likajibu, "hata wazimu wangu haukufika huko."

Vitus aliangua kicheko dirishani. Mabega ya mzee nayo yalitikisika, uso bado ukutani.

"Atoke yeye kwanza, au upite wewe mlango wa jikoni?"

"Atoke yeye."

Mzee akatoka akitembea kiupandeupande. Fagio likawekwa chini. Sekela alijifunua, akachukua kitambaa, akafuta uji bila kuambiwa.

"Usiandike," Vitus alimnong'oneza Mwanakhamisi. "Uji umemwagika, basi."

Aliandika. Yowe, bakuli, fagio, saa. Kwenye nafasi ya chanzo aliandika: "Muuguzi wa zamu alimweka baba mkwe wa mgonjwa kando ya kitanda chake. Mgonjwa alitulia baada ya dakika kumi na mbili, bila kushikwa, bila sindano."

Saa saba daktari alisoma mara mbili.

"Muuguzi wa zamu ni nani?"

"Mimi."

"Basi aliyefanya fujo ni wewe," alisema, akatia saini.

Ijumaa Esta atafika kutoka Igawa na mtoto mgongoni, kumsindikiza Sekela nyumbani. Mzee Silvester atatangulia na basi la saa mbili; Sekela, Esta na mtoto watapanda la saa tatu.