Chapa Kwenye Paja la Fahali wa Mti

Shemeji yangu Masanja aliponiambia, "Mchome chapa, shemeji, mnadani hawacheki na mtu," laiti ningemkatalia, leo nisingekuwa nainamisha uso nikipita mtaani kwetu Kalangalala. Lakini simlaumu, maana chuma nilikishika mimi.

Huyo wa kuchomwa alikuwa fahali wa mti, mkubwa kama mbuzi, kazi ya Mwaustralia mmoja, mchoraji na mchongaji, ambaye mke wangu Mama Kabula alimpikia miaka ile alipoishi hapa Geita akichora ng'ombe wetu kwa rangi za ajabu (ng'ombe wa buluu! tulicheka mpaka mbavu zikauma). Alipoondoka akamwachia mke wangu yule fahali. Akafariki huko kwao, na kumbe kazi zake, ambazo zamani hakuna aliyezitaka, sasa matajiri wanazigombania minadani, ndipo dada mmoja wa Mwanza anayezitafuta akapiga simu: "Mzee, nakuja kumtazama. Ili aingie mnadani lazima ionekane ni wa nani."

Wa nani! Sisi tuliokulia mazizini mnada tunaoujua ni mmoja, na ukipeleka mnyama asiye na chapa unaonekana mwizi. Mama Kabula alikuwa kanisani. Nikapasha chuma, nikachagua paja la kulia (palikuwa na mikwaruzo, nikadhani ya panya), moshi ukafuka, nikaridhika kabisa.

Siku ya ugeni majirani walijaa uani, mke wangu kavaa kitenge kipya, kwa kuwa fahali akiuzwa angenunua shamba kwao Ushirombo, pale alipozikwa mama yake. Nikamfunua fahali kwa madaha.

Yule dada akashika mdomo. "Mzee... sahihi iko wapi?"

"Sahihi gani tena, mwanangu? Hiyo ndiyo chapa yangu!"

"Mchongaji alikuwa akisaini pajani. Kila fahali wake. Bila sahihi hawampokei."

Kisha jirani akasema, "Basi mpelekeni machinjioni," na kicheko kikalipuka, wote isipokuwa Mama Kabula, aliyeniuliza polepole, "Baba Kabula, ulishindwa hata kunisubiri nitoke kanisani?"

Cha mke wangu sitakigusa tena bila kumuuliza, ingawa nimechelewa: fahali hakuuzwa, shamba limechukuliwa na mtu mwingine, na yeye amehamishia kitanda chake chumbani kwa Kabula.