Spika Moja kwa Mtani

Amplifaya yangu ni ndogo, inaenea mfukoni mwa koti, na inatumia betri ya sola. Kwa hiyo haiwezi kusukuma kila spika inayouzwa Tabora. Nilizunguka nayo maduka mengi nikiomba wanifungie spika zao nyembamba zenye taa za rangi, nazo zikanong'ona kama mgonjwa. "Wati zako ndogo, mzee," wauzaji waliniambia, "tafuta amplifaya kubwa." Mimi ni mbishi, na ubishi huo ndio ulionifikisha kwa fundi mmoja nyuma ya soko.

Fundi alikuwa na jozi ya spika kuukuu zilizotoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa. Alifunga spika mpya kwenye amplifaya yangu, kisha kuukuu, bila kugusa kitufe cha sauti. Mpya ilinong'ona. Kuukuu ilijaza banda zima. Akanieleza kuwa kuna spika nzito na spika nyepesi. Nzito hutaka umeme mwingi ndipo iseme, nyepesi huridhika na kidogo. Nikamuuliza mbona basi watu hawazitaki hizi nyepesi. Akatanua mikono kunionyesha ukubwa wa sanduku lake. "Mama nyumbani anajua?"

Mama nyumbani hakujua. Seremala wa Itetemia alinitengenezea masanduku mawili ya mninga yanayonifika kifuani, na mke wangu alipoyaona aliuliza tutaweka vyombo rafu ya ngapi.

Wiki za mwanzo nilikuwa mtu wa kushangaa tu. Nyimbo za dansi nilizozijua tangu utoto zilikuwa na mambo yaliyonipita miaka yote: mwimbaji akivuta pumzi, vidole vikiteleza kwenye nyuzi, mtu akisogeza kiti. Nyingi zilirekodiwa kwa kugawa bendi, mwimbaji na tarumbeta kushoto, ngoma na gitaa la besi kulia. Nilikaa katikati nikaimba nao, na sauti yangu haijawahi kusifiwa na mtu.

Ndipo akaja mtani wangu. Ni bibi mjane, Mzaramo, jirani yetu hapa Chemchem, na mimi Mnyamwezi. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, na mtani akikuchukulia kitu hununi. Unakikomboa kwa kuku, au unakiacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Makelele yote haya ni yako?"

Akakaa, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha akagonga sanduku la kulia kwa mkongojo. "Hili langu."

"Bibi, hizi ni pacha."

"Pacha huolewa nyumba tofauti. Tena ulibebe mwenyewe. Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu pwani, wewe utashindwa na kabati?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nililibeba begani, nikapitisha waya juu ya ua wa minyaa, na tangu jioni ile nilitaka spika yangu irudi. Ningeweza kuikomboa kesho yake, lakini sikuona kwa nini nitoe kuku kwa mali yangu. Nikasema nitasubiri achoke.

Hakuchoka. Kila jioni nilipowasha, muziki ulilia nyumba mbili kwa pamoja. Kwangu alibaki mwimbaji bila ngoma, akielea kama mtu aliyesahauliwa na wenzake, nami nikazidi kuimba ili asiwe peke yake. Siku nilizokuwa na mafua sikuimba, na siku hizo ilikuja sauti toka ng'ambo ya ua: "Mtani, umekufa?" Nilidhani anataka niongeze sauti. Nikaongeza. Akauliza tena.

Mwaka wa pili binti yake alikuja kumchukua akaishi naye pwani. Siku ya safari nilimpelekea jogoo. Alimpokea, akampapasa kifua, akasema Mnyamwezi anajua kubeba lakini kulisha hajui. Kisha akaniruhusu nibebe spika yangu.

Jioni niliirudisha mahali pake. Kabla ya kuunganisha zote mbili nilitaka kujua mtani wangu alikuwa anasikia nini, basi nikaiwasha ile ya kulia peke yake. Ngoma na besi. Nikabadilisha wimbo, ngoma na besi. Hapakuwa na neno hata moja. Iliniuma, nikampigia simu.

"Bibi, mbona hukuniambia kwamba kwako hakukuwa na mwimbaji?"

"Alikuwepo."

"Nimesikiliza, bibi. Hayupo."

"Alikuwa upande wa pili wa ua," akasema. "Anaimba vibaya, lakini kila jioni alikuja."

Nikafunga waya wa kushoto. Sasa ninazo zote mbili, kama nilivyotaka, na zinapiga vizuri sana. Nikinyamaza, hakuna anayeuliza kama nimekufa.